Nani mwenye Mto Nairobi?

Februari 2025, malori ya Kaunti ya Nairobi yalifika Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power, yakamwaga taka mlangoni. Kampuni hiyo ilikuwa imeikatia kaunti stima kwa sababu ya deni. Kaunti nayo ilishikilia kwamba yenyewe ndiyo inayodai, kwa ajili ya nguzo na nyaya zinazopita katika ardhi yake. Kila upande ulitaja mabilioni ya shilingi. Picha zilizunguka kwenye simu, watu wakazifanyia mzaha, na baada ya siku chache jiji likaendelea na shughuli zake.

Mimi sijaweza kuisahau picha ile. Kenya Power ni kampuni ambayo Serikali Kuu inamiliki zaidi ya nusu ya hisa zake. Kaunti ndiyo iliyokabidhiwa kazi ya kuzoa taka na Katiba yenyewe. Kwa hiyo ngazi mbili za utawala zilikuwa zinagombana pale mlangoni, na silaha iliyotumika ni uchafu uleule ambao mkazi wa Kayole au Pipeline anangoja siku nenda siku rudi uondolewe karibu na anapolala. Tangu siku hiyo, nikisikia mjadala wa nani awe na neno la mwisho juu ya mazingira ya Nairobi, kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, kati ya ofisi kubwa na wakazi wa mtaa, huwa najiuliza kwanza: wanagombea nini hasa? Kazi, au muhuri?

Kisheria jibu halijafichika. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa, kudhibiti uchafuzi wa hewa na kelele, kupanga ujenzi, kushughulikia maji ya mvua mijini, na kutoa huduma za maji safi na maji taka. Serikali ya kitaifa imebaki na ulinzi wa mazingira na maliasili kwa jumla, pamoja na ulinzi wa vyanzo vya maji. Kifungu cha 191 kinasema sheria ya kitaifa ikigongana na ya kaunti, ile ya kitaifa itashinda pale inapohitajika kwa ajili ya kulinda mazingira, na Kifungu cha 189 kinazitaka ngazi hizo mbili zishauriane na kusaidiana. Katikati yake imesimama Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, iliyoundwa kwa sheria ya 1999, wakati ambapo hapakuwa na gavana wala kaunti. Sheria hiyo ilirekebishwa 2015 ili ilingane na ugatuzi. Ukiisoma karatasi utaona mpango unaoeleweka. Tatizo linaanza ukiiweka karatasi hiyo chini na kushuka mtoni.

Mto Nairobi hauanzii Nairobi. Chanzo chake ni kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, Kaunti ya Kiambu. Unaingia jijini, unapita chini ya Museum Hill, unaizunguka Gikomba, unashuka Kariobangi na Korogocho, halafu unapita kando ya jaa la Dandora. Humo njiani umekwisha kubeba maji ya vyoo, mafuta ya magereji, damu ya machinjio na mabaki ya viwanda. Baadaye unajiunga na Mto Athi, na Athi inaporomoka Fourteen Falls, inakata Ukambani, inaitwa Galana, kisha Sabaki, na mwisho inaingia Bahari Hindi karibu na Malindi.

Sasa mfikirie mama wa Machakos au Makueni anayenywesha mifugo yake maji ya Athi. Hakumpigia kura gavana wa Nairobi na hatampigia kamwe. Hana diwani City Hall, makao ya Kaunti ya Nairobi. Madhara yote yanamfikia, wala hana hata chembe ya sauti juu ya yale yanayofanyika Gikomba au Eneo la Viwandani. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za wanaotaka Serikali Kuu iwe na usemi juu ya mazingira, na sijasikia mtetezi wa ugatuzi akiijibu sawasawa. Kaunti huwajibika kwa wapiga kura wake. Maji hufuata mkondo, wala hayasimami kwenye mpaka kuuliza yameingia kaunti gani.

Iko hoja ya pili upande huohuo. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, ile tuliyozoea kuiita juala, na adhabu ilikuwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Majaribio ya awali, 2007 na 2011, yalikuwa yamefifia. Hili la tatu lilishika. Hebu tufikirie kama marufuku hayo yangekuwa ya Nairobi peke yake. Matatu ya kwanza kutoka Thika ingeshuka na marobota ya juala asubuhi ya siku ya pili. Hata kwa nchi nzima, mifuko imekuwa ikipenyezwa kutoka nchi jirani. Yapo mambo ambayo ukiyaachia kaunti 47, kila moja na kanuni yake, umeyaacha yafe.

Wanaoitetea serikali ya kitaifa humtaja pia John Michuki, na wana haki ya kumtaja. Aliposhika Wizara ya Mazingira kuanzia 2008, ukali wake ulifika mpaka ukingoni. Vibanda na magereji viliondolewa sehemu ya mto iliyo karibu na mzunguko wa Globe, miti ikapandwa, na kwa muda wakazi wa Nairobi waliona maji ambayo hawakutarajia kuyaona katikati ya jiji. Bustani iliyo pale leo ina jina lake. Lakini Michuki alifariki Februari 2012, na uchafu ukarudi. Kwangu mimi kisa chake kinathibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba serikali ya kitaifa ikitaka inaweza, na kwamba nguvu inayotoka juu kwa nia ya mtu mmoja huondoka na mtu huyo. Waliokuwa wakiishi kando ya mto hawakuachiwa chombo chochote cha kuulinda.

Tugeukie upande wa pili. Huko nako hoja ni nzito, na baadhi yake zimeandikwa kwa moto.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2024, gesi ililipuka mtaa wa Mradi, Embakasi. Watu kadhaa waliuawa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, nyumba na magari yakateketea. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo, na si mara moja. NEMA kwa upande wake ilikiri kwamba leseni ya mazingira ilikuwa imetolewa isivyofaa, ikawasimamisha kazi maofisa wake wanne. Tafakari maana yake. Ofisi ya kitaifa, ile tunayoambiwa ndiyo kinga yetu dhidi ya uzembe wa kaunti, ilikuwa imetia saini. Wakazi wa Mradi hawakuhitaji tathmini ya athari za kimazingira kujua kwamba mitungi na malori ya gesi havifai kukaa ubavuni mwa vyumba vyao. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Leseni ilitolewa na watu ambao usiku ule walikuwa wamelala kwingine.

Haya hayakuhusu gesi peke yake. Tembea Kileleshwa au Kilimani uyatazame maghorofa yanayochipuka kwenye ploti zilizokuwa na nyumba moja na miti. Kila jengo linahitaji idhini ya kaunti na leseni ya NEMA. Mkazi akilalamika kwamba mabomba ya maji taka ya mtaa hayawezi kubeba mzigo huo, kaunti humwambia mwenye jengo ana leseni ya NEMA, na NEMA humwambia mipango ya ujenzi ni kazi ya kaunti. Mihuri miwili, na hakuna aliye tayari kujibu. Anayebaki na subira ya kutosha huenda kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira au mahakamani, na huko anahitaji wakili. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kuyatetea mazingira hata kama yeye mwenyewe hajadhurika, na ni kifungu kizuri mno. Lakini ada ya wakili hakikutaja italipwa na nani.

Kisha kuna Karura. Msitu huu una zaidi ya hekta 1,000 kaskazini mwa jiji, na historia yake inapaswa kumtia haya yeyote anayedai kwamba Serikali Kuu ndiyo mlinzi wa asili wa mazingira. Katika miaka ya 1990 ni serikali hiyohiyo iliyoruhusu vipande vyake vigawiwe wajenzi kwa siri. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti walipigwa hadi akatoka damu kichwani. Miaka kumi kabla ya hapo alikuwa amezuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park, mradi uliopendekezwa na chama kilichokuwa kinatawala. Raia ndio waliokuwa wakiilinda ardhi ya umma dhidi ya dola.

Kuanzia 2009 kikundi cha raia, Friends of Karura, kilianza kuushughulikia msitu pamoja na Huduma ya Misitu Kenya, KFS. Uzio ukawekwa, walinzi wa kijamii wakaajiriwa, njia zikafunguliwa, na msitu ambao watu walikuwa wanauogopa kwa sababu ya majambazi ukawa mahali pa familia kutembea Jumapili. Ada za mlangoni zilisaidia kuuendesha. Agosti 2025 KFS ikaagiza malipo yote ya kuingia yapitie jukwaa la serikali la eCitizen, na kelele zikapanda.

Nimejaribu kuisikiliza KFS bila chuki, kwa sababu hoja yake si ya kutupwa. Msitu ni mali ya umma. Fedha za umma zinapaswa kuonekana kwenye hesabu za umma. Serikali ilikuwa imeagiza huduma zake zote zilipiwe kupitia mfumo mmoja, na ni vigumu kueleza kwa nini lango moja liachwe nje. Tena wanaotetea udhibiti wa wenyeji lazima waulizwe: wenyeji gani? Karura imezungukwa na Muthaiga, Runda na Gigiri. Majirani zake wanajua kuandika barua kwa Waziri, wanajua kuita vyombo vya habari. Mkazi wa Korogocho ana mto unaonuka na hana kikundi chenye namba ya simu ya Waziri. Ugatuzi wa mazingira ukiwaachia wenye uwezo walinde bustani zao, huku wasio na uwezo wakibaki na jaa, hautakuwa haki.

Hata hivyo, katika suala la Karura naegemea upande wa waliolalamika, na sababu yangu ni ya kiutendaji. Mti ukianguka juu ya uzio usiku, pesa ya kuurekebisha inatakiwa asubuhi. Ada inayobaki msituni hurekebisha uzio. Ada inayokwenda kwenye mfuko wa pamoja wa taifa hupanga foleni na mishahara, madeni na barabara, na uzio hungoja. Uwazi wa hesabu ungeweza kupatikana bila kumwondoa mtu anayeujua msitu hatua kwa hatua. Sheria ya misitu ya 2016 inazitambua jumuiya za misitu za wenyeji na kuzipa nafasi ya kusimamia pamoja na KFS. Inakuwa vigumu kuliona neno "pamoja" pale upande mmoja unapoamka na agizo.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema basi tuwaachie wenyeji. Dandora inakataa.

Jaa la Dandora lilianza miaka ya 1970, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Taka hazijaacha kumwagwa humo mpaka leo. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, jijini humuhumu, lilitoa uchunguzi uliowapima watoto wanaoishi na kusoma karibu na jaa. Karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika. Risasi huharibu ubongo unaokua, na uharibifu huo haurudi nyuma. Watoto hao leo ni watu wazima. Wengine wamekwisha kuzaa, na watoto wao wanavuta moshi uleule.

Mwenye jaa ni nani? Kaunti, iliyolirithi kutoka kwa Halmashauri ya Jiji. Nani mwenye wajibu wa kudhibiti uchafuzi wa hewa katika eneo hilo? Kaunti hiyohiyo. Wazee walituonya: kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Hapa ndipo hoja ya udhibiti wa kaunti inapokatika kabisa. Kaunti haiwezi kuwa mchafuzi na hakimu wa mchafuzi, na hakuna diwani wala kamati ya bunge la kaunti inayoweza kuziba pengo hilo. Inahitajika mamlaka ya nje yenye meno, inayoweza kuishtaki kaunti na kuishinda.

Ila hata Serikali Kuu Dandora imeishinda. Miaka iliyopita kaunti ilipotaka kulihamishia jaa Ruai, mamlaka ya viwanja vya ndege ilipinga, kwa kuwa ndege wanaofuata taka wangehatarisha usalama wa ndege zinazotua na kupaa Jomo Kenyatta. Ilikuwa sababu ya haki. Lakini Nairobi ina kilomita za mraba 696 tu, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu milioni 4.4. Ardhi ya jaa jipya itatoka wapi ikiwa si ndani ya mipaka hiyo? Itatoka kaunti nyingine, na hakuna gavana atakayewaambia wapiga kura wake wapokee taka za Nairobi bila mtu wa juu kuketi na pande zote mezani. Kaunti haina uwezo wa kulimaliza jambo hili peke yake, na aliye na uwezo wa kuitisha kikao hicho amekuwa akikaa pembeni.

Tumewahi kupata jaribio la wazi la kuona kama Nairobi ingeendeshwa vizuri na Serikali Kuu. Februari 2020 Gavana Mike Sonko alitia saini hati ya kukabidhi kazi kadhaa za kaunti kwa serikali ya kitaifa, ikaundwa idara ya kusimamia huduma za jiji, Nairobi Metropolitan Services (NMS), chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Kwa miaka miwili na nusu, hadi 2022, huduma nyingi za jiji, taka zikiwemo, zilikuwa mikononi mwa chombo cha Rais. Nitasema ukweli kama nilivyouona: barabara nyingi za katikati ya jiji zilikuwa safi zaidi, visima vilichimbwa mitaa ya mabanda, vituo vya afya vikajengwa. Anayedai kwamba hakuna kilichofanyika anawadhulumu waliofanya kazi ile.

Mwaka 2021, NMS ikiwa katikati ya kazi yake, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kesi iliyofunguliwa na raia kuhusu uchafuzi wa mito ya Nairobi na Athi. Iliagiza, miongoni mwa mengine, jaa la Dandora liondolewe pale lilipo ndani ya miezi 6. Miezi hiyo ilikwisha kabla ya NMS kuvunjwa. Serikali Kuu ilikuwa na usukani, ilikuwa na fedha, ilikuwa na jenerali, ilikuwa na agizo la mahakama. Malori yaliendelea kupanda Dandora. Na kwa kuwa jenerali hapigiwi kura, mama wa Korogocho hakuwa na hata ile siku moja ya Agosti ya kuonyesha hasira yake juu ya jambo hilo. Kwa hiyo mtu akiniambia dawa ya mazingira ya Nairobi ni kuyarudisha mikononi mwa Serikali Kuu, namwomba anieleze kwanza kilichotokea katika miezi ile sita.

Jambo linaloniumiza zaidi ni lile la kingo za mito.

Mwaka 2018 tingatinga ziliangusha majengo makubwa yaliyodaiwa kujengwa ukingoni: Ukay Centre kule Westlands, South End Mall kule Lang'ata, na mengine. Wenyewe walionyesha hati za ardhi na idhini za ofisi za serikali. Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei, tingatinga zilirudi, safari hii Mathare na Mukuru, kwa watu wasio na hati yoyote. Agizo lilikuwa kuondoka mita 30 kutoka mtoni. Rais alipofika Mathare aliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyobomolewa, fedha ya kutafuta pa kuanzia. Kulikuwa na mafuriko kweli, watu walikuwa wamekufa kweli, na serikali inayowaacha watu wake walale mahali ambapo maji yatawachukua tena ingestahili lawama kubwa zaidi. Sitaki kulipuuza hilo. Nyumba iliyo hatua chache kutoka Mto Mathare wakati wa masika ni hatari, na sikubaliani na wanaharakati wanaozungumza kana kwamba kila anayehamishwa anaonewa.

Lakini hizo mita 30 zilitoka wapi? Kanuni za ubora wa maji za 2006, zinazosimamiwa na NEMA, zinasema ujenzi usiwe ndani ya upana wa mto, kwa kiwango cha chini cha mita 6 na cha juu mita 30 kila upande. Kanuni za rasilimali za maji zina mita hizohizo, 6 hadi 30. Kanuni za zamani za kilimo za 1965 zilianzia mita 2. Kwa mto mwembamba kama Mathare, nyumba iliyo mita 12 kutoka majini inaweza kuwa halali kwa kipimo kimoja na haramu kwa kingine, na mwenye nyumba hana pa kuuliza apate jibu moja. Kaunti, ambayo ndiyo inayopanga ujenzi na iliyopaswa kuwa na ramani ya kila ukingo, haikuwa imeweka mpaka ardhini. Serikali Kuu, ambayo ndiyo mwenye kanuni, ilifika na mashine. Ukuta wa bati ukaanguka, na katika mabishano yote yaliyofuata ya nani alikuwa na mamlaka ya kubomoa, sikusikia ofisi hata moja ikidai kwamba mamlaka ya kuonya mapema yalikuwa yake.

Ndiyo maana nasema wanagombea muhuri. Leseni, ada, idhini, uzinduzi, tume: vyote hivi vina wenyewe wengi. Desemba 2022 iliundwa Tume ya Mito ya Nairobi kwa tangazo la gazeti rasmi la serikali. Vijana wameajiriwa kuzoa taka mitoni, na nawaheshimu, maana hiyo si kazi ya mchezo. Lakini plastiki ni sehemu tu ya ugonjwa wa mto huu. Ugonjwa wenyewe ni vinyesi, na vinyesi vinahitaji mabomba. Mabomba makubwa ya maji taka hujengwa na shirika la kitaifa, Athi Water, kisha huendeshwa na kampuni ya maji ya kaunti. Mitaa ya mabanda mara nyingi haihesabiki katika mipango ya upande wowote, kwa sababu hakuna njia iliyotengwa kwenye ramani ya kupitisha bomba. Hakuna anayezindua bomba la chini ya ardhi mbele ya kamera kwa furaha kubwa, na kwa hiyo hakuna anayeligombea.

Msimamo wangu, baada ya kuyapima haya, ni huu. Viwango viwe vya taifa: nini kinaweza kuingia mtoni, hewa iwe na moshi kiasi gani, ukingo uanzie wapi. Katika hili siwezi kumkubalia mtetezi wa ugatuzi, kwa ajili ya yule mama wa Machakos. Kila kituo ambacho kaunti yenyewe ndiyo mwenye nacho, kama Dandora, kisimamiwe na mamlaka ya kitaifa isiyoona haya kwenda kortini. Usimamizi wa kila siku wa msitu, ukingo na mtaa uwe wa walio karibu, na fedha zinazokusanywa pale zibaki pale, zikikaguliwa hadharani. Na mradi wa hatari katikati ya makazi, kama kituo cha gesi, usipate leseni ya kitaifa bila kikao cha kweli mtaani, tena kilichotangazwa kwa njia ambayo mpangaji wa chumba kimoja ataisikia.

Anayetia saini naye alipe. Hili si ndoto. Kule Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru waliosumishwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri walipigana mahakamani kwa miaka mingi, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia yao ya shilingi bilioni 1.3. Miongoni mwa waliobebeshwa dhima ilikuwa NEMA. Naiona hukumu hiyo kuwa na uzito kuliko sera kumi, kwa kuwa ofisi iliyokuwa ikiishi kwa kutoa leseni imeambiwa kwamba leseni ina gharama. City Hall inastahili kuambiwa hivyo pia.

Lipo jambo moja ambalo halihitaji sheria mpya, tume wala mkopo. Maofisa wa NEMA, wa mamlaka ya maji na wa kaunti wavae gambuti, waanzie Museum Hill, washuke na mto mpaka Dandora wakiwa na wazee wa mitaa, na wapigilie bikoni, yaani alama za mpaka, za saruji kila baada ya hatua kadhaa, pande zote mbili, kwa kipimo kimoja walichokubaliana. Kisha wafanye vivyo hivyo Mto Mathare na Mto Ngong. Kila mpangaji, mwenye ploti na diwani ataona kwa macho yake mto unaishia wapi, miezi mingi kabla ya mvua. Mpaka sasa, alama ambayo wakazi wengi wa kingo hizo wanaifahamu ni herufi X nyekundu ukutani, na hiyo ikishapakwa, tingatinga huwa haiko mbali.